Fundi Mara Mbili na Suruali ya Mlimani

Kaka yangu ni fundi wa kushona, na mtaa mzima unamwita Mara Mbili. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila mshono anaoupitisha kwenye cherehani lazima aurudie. Umpelekee sketi, umpelekee gunia, atashona, atageuza, kisha atashona tena pale pale. Ukimwambia, "Fundi, inatosha," anakujibu bila kuinua kichwa, "Imekutosha wewe, nguo bado." Wapo waliokuwa wakilalamika kwamba suruali zake hazichakai, mtu unazeeka nguo inakutazama tu. Yeye malalamiko hayo aliyapokea kama sifa, akavuta kiti chake mbele akaendelea.

Mimi ni mdogo wake. Nina kibanda cha vifungo, zipu, nyuzi na sindano, ubavuni mwa chumba chake cha kazi. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao, kwa hiyo cherehani yake naisikia kutwa nzima, kama wengine wanavyosikiliza redio. Naweza kukwambia kwa sauti tu kama anashona kaki au anashona pazia. Nina mdomo mkali, sikatai, naye ana masikio mazito, ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba niliponyamaza, nilinyamaza kwa upole. Sina upole huo.

Mkewe alifariki mtoto wao akiwa hajamaliza kuota meno. Kaka akamlea mtoto yule chini ya meza ya kukatia, juu ya lundo la vitambaa vilivyobaki, na ndipo tukazoea kumwita Kipande. Alimshonea nepi, akamshonea sare za shule, akamshonea gauni la siku aliyomaliza masomo. Sidiria ya kwanza nilimnunulia mimi kwa kificho, maana kaka alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa. Ukiacha hiyo, Kipande alifika miaka ishirini na minne hajawahi kuvaa nguo ambayo baba yake hakuishona. Kuna watu husema mapenzi kwa mdomo. Kaka hakuwa na maneno hayo, alikuwa na futi ya kupimia shingoni na sindano mbili tatu kwenye kola ya shati.

Kipande akapata kazi katika ofisi ya maji. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda mlimani kusoma vipimo vya mvua na vya vijito. Walipanda wawili wawili, kila baada ya wiki mbili, siku tatu kwenda na kurudi, vituo saba, na kulala kwenye kibanda cha mabati ng'ambo ya mto. Ni kazi ya kupita kwenye majani marefu yaliyolowa umande, kupenya kwenye miiba, kupiga magoti kwenye tope, kusoma namba, kuiandika, kisha kuinuka na kuendelea. Kaka alifurahi mpaka akawa anawaeleza habari za mvua wateja waliofuata mashati. Alimshonea suruali mbili za kaki nzito, magoti yamefunikwa mara mbili, za aina ambayo ukiziweka sakafuni zinasimama zenyewe.

Safari ya tatu, Kipande alirudi anatembea miguu imeachana. Nikamtania, "Mwenzetu, ulipanda mlima au ulipanda punda?" Alicheka kidogo, akaingia kibandani kwangu, akashusha pazia, akanionyesha mapaja. Ngozi ilikuwa imechubuka pande zote mbili, mahali pengine pametoa maji.

"Kaki ikilowa inakuwa nzito kama mtoto mgongoni, Shangazi," akasema. "Na ikishalowa haikauki mpaka tushuke."

"Mwambie baba yako."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Wewe ungemwambia?"

Hapo akawa amenikamata. Kumwambia Mara Mbili kwamba suruali yake imemchubua mwanawe ni kumwambia aachane na kazi. Kwa hiyo tulifanya kama tulivyofanya na sidiria. Jumamosi moja tuliaga kwamba tunakwenda kumwona mgonjwa, tukaenda kutafuta suruali.

Duka lenyewe liliuza buti, makoti ya mvua, kofia ngumu na kamba. Muuzaji alikuwa mama mfupi mwenye miwani, ambaye alituambia alifanya kazi msituni miaka kumi kabla magoti hayajamgomea. Kipande alifungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, na kumbe ni tawi la miiba alilolikata mlimani. Yule mama akaangua kicheko. "Wateja wangu wote wangekuwa kama wewe, ningekuwa nimeshafunga duka," akasema, lakini akavuta stuli akaanza kushusha suruali.

Ya kwanza ilikuwa kama mpira. Mama akatuambia kweli haipitishi tone, ila haipitishi na jasho, ukimaliza kilima kimoja umejipika mwenyewe. Ya pili ilikuwa nyepesi, inavutia, na Kipande alipoiburuzia mwiba, nyuzi zikatoka kama nywele. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imefumwa kwa kubana, na magotini imeongezwa unene. Mwiba uliteleza. Muuzaji akachukua glasi ya maji akaimimina pale pale juu ya kitambaa, na maji yakajikusanya matone matone, yakabingirika mpaka sakafuni bila kuacha alama. Mimi nimeuza nyuzi maisha yangu yote na sikuwahi kuona kitambaa kinachokataa maji namna ile.

Kipande hakuridhika kirahisi, damu ya baba yake ilikuwa inafanya kazi. Aliivaa, akachuchumaa, akainua goti mpaka kifuani, akapanda stuli, akashuka, akapiga magoti kama anayesoma kipimo. Akaangalia kama kiunoni pana nafasi ya kuvaa kitu cha joto kwa ndani, kama mfuko una zipu, kama pindo la chini lina kamba ya kubana juu ya buti. Mwisho akaigeuza ndani nje, kama alivyofundishwa. Juu ya kila mshono palikuwa pamebandikwa utepe mwembamba unaong'aa.

"Huu wa kazi gani?" akauliza.

"Huo ndio roho ya suruali," muuzaji akasema. "Sindano popote inapopita inaacha tundu. Kiwandani wanayaziba matundu kwa huo utepe. Kwa hiyo nisikilizeni. Usiifue kwa sabuni ya unga, inakula dawa ya kitambaa. Ikianza kuchakaa au ikichanika, kuna kiraka cha kubandika, nakupa hiki hapa. Lakini sindano isiiguse tena. Usimpe fundi, hata awe bingwa. Mafundi wanaziua hizi kwa nia njema kabisa."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilisikia kila neno, tena nilicheka nikasema, "Kwetu tunaye mmoja wa namna hiyo."

Suruali ikawa inalala kwangu. Safari nne Kipande alirudi mkavu, mapaja yakapona, akaanza kuimba tena akitembea. Nami nikajisahau nikaianika kwenye kamba yangu mchana kweupe. Kaka alikuja kuomba chaki, akaiona. Fundi hawezi kuiona nguo ngeni asiiguse. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Ya nani hii?"

Ningeweza kusema ni ya mteja. Sijui kwa nini siku hiyo ulimi ulinyooka. "Ya Kipande."

"Mshono mmoja," akasema. Akaangalia na mguu wa pili. "Mwanangu anapanda mlima kwa mshono mmoja."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alirudi kwenye kiti chake, na kuanzia siku hiyo akanuna wiki tatu. Salamu alijibu, chakula alikula, lakini maneno yaliisha nyumbani mle. Kipande alijaribu kumweleza habari ya utepe, akajibiwa, "Sawa, nyinyi ndio mafundi sasa." Siku nyingine alianza, "Baba, kile kitambaa, sindano ikipita..." na kaka akainuka akaenda kunawa mikono, akanawa mpaka mtoto akaacha kusema. Habari ya mapaja hakumwambia kabisa. Alikuja kwangu akalia, akafuta machozi kwa ncha ya kanga yangu. Baba huyu mmoja ndiye aliyekuwa mzazi wake wote, na kununiwa na mtu kama huyo ni kununiwa na nyumba nzima.

Goti la kushoto la ile suruali, ambayo sasa Kipande aliiweka nyumbani kwa kuwa siri ilishatoka, lilikuwa limeanza kulainika kwa kupigwa magoti. Kipande akaniambia atabandika kile kiraka kabla ya safari ya Ijumaa. Alhamisi akaenda kwenye mkutano ofisini kutwa. Saa nne hivi kaka akatokea kibandani kwangu anapiga mluzi. Wiki tatu sikuwa nimesikia mluzi wake.

"Nipe uzi wa kijivu, ule mnene," akasema. "Na sindano ya kitambaa kizito."

Furaha ilivyonishika nilimpa vibunda viwili vya uzi badala ya kimoja. Baada ya muda nikaisikia cherehani ikianza. Ilikuwa inakwenda polepole, kwa nguvu, inakwenda halafu inarudi, inakwenda halafu inarudi. Nimeshakwambia naweza kujua kwa sauti anachoshona. Nilijua. Kutoka kwenye kiti changu mpaka mlangoni kwake ni hatua sita, na kinywani nilikuwa na maneno ya yule mama wa dukani yamekaa tayari. Nikajiambia, mwache, leo moyo wake umelainika, wakipatana baba na mwana nitamweleza mtoto pembeni, atanunua nyingine. Nikajiambia mvua yenyewe haijanyesha mwezi mzima. Nilijiambia mengi, nikabaki nimekaa napanga vifungo.

Ijumaa asubuhi kaka alimkabidhi suruali imekunjwa vizuri. Kila goti lilikuwa na kiraka cha kaki, kimezungushiwa mistari minne ya mishono, na nyuma pa kukalia vile vile. Kazi safi, sisemi uongo. Kipande alipitisha kidole juu ya mistari ile, polepole. Kisha akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

"Imekuwa imara, Baba," akasema. "Asante."

Kaka akacheka. Alicheka meno yote nje, akampiga mwanawe begani, akasema, "Sasa hata mlima utachoka kabla yake."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la ofisi. Nikamwambia, "Mama, vaa hata zile za kaki."

"Kaki inalowa pia, Shangazi. Nitapaka gundi nikirudi."

"Basi mwambie dereva akungoje, tukatafute..."

"Hukuuona uso wake?" akanikatiza. "Mimi nimeuona. Niache niende nao huo."

Yaliyofuata nayajua kutoka kwa mwenzake wa kazi, mwanamume mrefu wanayemwita Ngazi. Mvua iliwakuta siku ya pili, ya upepo na baridi, na haikukatika. Walipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa, na kibanda cha mabati kiko ng'ambo. Wakakaa upande huu, mchana kutwa, chini ya turubai. Ngazi alikuwa na suruali ya aina ile ile, na miguu yake ilibaki mikavu. Kipande alilowa kuanzia magotini. Maji yaliingia kupitia kwenye mishono, na kwa kuwa kitambaa hakipitishi, hayakupata pa kutokea, yakakaa mle mle na baridi yake. Alikuwa akikung'uta mguu, maji yanamwagika kwenye buti, baada ya muda yamejaa tena. Ngazi alimpa koti lake. Alitetemeka sana, akawa anataniwa naye anajibu. Baadaye akaacha kutetemeka, akasema anasikia joto, na hapo Ngazi akaogopa, akambeba mgongoni kushuka naye bila kungoja mto upungue.

Hospitali walisema mwili ulipoa kupita kiasi, kisha mapafu yakashika homa. Nilimuuliza daktari kama ni nguo. Akaniambia, "Mama, ni mvua, ni baridi, ni kuchelewa kufika, huwezi kunyooshea kidole kitu kimoja." Nimeyashika maneno hayo, na usiku na mchana nimeyageuza kila upande, na bado miguu ya Ngazi ilikuwa mikavu.

Siku ya nne kaka alitoka nje kununua maji ya kunywa. Kipande akanivuta mkono, kidole chake kikiwa chepesi kama hakina mfupa.

"Baba asijue," akasema.

"Asijue nini?"

"Shangazi, usijifanye. Asijue. Niapie."

Nikaapa. Ningeapa chochote siku ile. Siku ya tano, kabla jua halijapanda sana, akaaga dunia, baba yake amemshika miguu anaisugua ipate joto.

Sitaki kueleza msiba. Nitakwambia tu lililonitesa baada yake, nalo ni kwamba kaka alijipatia faraja moja, akaishikilia. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Angalau suruali niliiimarisha. Nilimpitishia mistari minne. Bila hivyo angeteseka zaidi." Nao waliitikia, "Ndiyo, Fundi, ulifanya la maana," maana ungesema nini? Walimvika kilemba cha ukoka kwa huruma, nami nilikuwa wa kwanza kukifunga. Ngazi alipoyasikia hayo kwa mara ya kwanza alinitazama, akainuka akatoka nje, hakurudi siku hiyo. Kaka akaniomba ile suruali niliyokabidhiwa hospitali, akaitundika ukutani nyuma ya cherehani, magoti yakitazama mlango, ili kila anayeingia aone kazi yake ya mwisho kwa mwanawe.

Nilimwachia. Ningemnyima vipi? Alikuwa ameanza kula tena. Miezi mitatu ilipita hivyo, nikaamini kwamba kiapo changu ni kizuri, kwamba kuna uongo wenye kazi yake duniani.

Kisha akaja dada aliyeajiriwa kushika nafasi ya Kipande. Mtu mwenye adabu, alikuja kumpa kaka pole na kujitambulisha. Akaiona suruali ukutani, akasema na yeye amenunua ya namna hiyo, mpya, hajapanda nayo mlima hata mara moja. Uso wa kaka ukafunguka.

"Ilete," akamwambia. "Nitaiimarisha kama nilivyomfanyia mwanangu. Sitaki kitu. Na wenzako waambie, yeyote anayepanda aniletee."

Yule dada angekataaje? Nani anamkatalia baba aliyefiwa? Kesho yake asubuhi aliileta, akasema atapitia jioni, maana wanapanda Jumatatu. Nikasikia kupitia ukutani kaka anatia mashine mafuta. Nikasikia mkasi, anakata viraka. Upande mmoja palikuwa na kidole kile chepesi kinachosema asijue, na upande mwingine palikuwa na mtoto wa watu na wenzake wote, wanaokwenda mlimani na matundu. Na kati yao alikuwa kaka yangu, ambaye nilikuwa nakwenda kumvunja kwa mikono yangu. Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia hata marehemu, Mungu anisamehe, kwa kuniachia mzigo ule.

Cherehani ikaanza kuzunguka. Nikapiga moyo konde, nikazitembea zile hatua sita.

Alikuwa ameshaweka goti chini ya sindano. Nikaweka kiganja changu juu ya gurudumu la mashine, likasimama.

"Kaka, usishone."

"Toa mkono. Umelewa?"

"Kitambaa hiki sindano inakiua. Kila tundu linaingiza maji. Ndiyo maana kina utepe ndani."

"Nani kakwambia?"

Niliishusha suruali ya Kipande kutoka ukutani. Nikaishika juu ya beseni lake la kulowekea vitambaa, nikachukua kikombe cha maji. Kwanza nikamimina pasipo na mshono, maji yakabingirika yakaanguka. Kisha nikamimina gotini. Kaki ikanywa, ikageuka rangi. Tukangoja. Chini yake, upande wa ngozi, tone likatokea, na la pili, na la tatu, yamejipanga foleni, mistari minne kamili, yakaanza kudondoka.

Kaka aliinama akaingiza kichwa chini ya kitambaa, akatazama kwa muda mrefu. Akagusa tone kwa ncha ya kidole.

"Hapa ndipo nilipopita mara ya kwanza," akasema. Akasogeza kidole kidogo. "Na hapa ndipo niliporudia."

Nikamweleza yote. Duka, tawi la miiba, mapaja yaliyochubuka, miguu ya Ngazi. Nikamwambia daktari alisema huwezi kunyooshea kidole kitu kimoja. Sidhani kama hilo alilisikia. Aliniuliza swali moja tu.

"Yeye alijua?"

Hapo ningeweza kumdanganya, na nimejiuliza mara nyingi kama ningepaswa. "Alijua," nikasema. "Muuzaji alituambia wote wawili."

"Na akavaa."

"Akavaa."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umenuna wiki tatu, Kaka. Asubuhi ile ulicheka."

Nikaongeza kwamba nami nilijua, kwamba uzi nilimpa mimi na mashine niliisikia, ili kama ni kuchukia anichukie na mimi. Alikaa kwenye kiti chake, akaifunika mashine kwa kitambaa chake, akaegemeza uso juu yake, akalia kwa sauti ambayo makaburini sikuisikia. Wateja wawili walifika mlangoni wakageuka. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, beseni liko kati yetu. Nililia pia, lakini kilio changu kilikuwa na hasira ndani yake, na mpaka leo hasira hiyo haijapata pa kwenda.

Jioni yule dada akaja kufuata suruali yake. Nilitaka nizungumze naye mimi, kaka akanizuia kwa mkono. Alikuwa amenawa uso. Akamkabidhi suruali imekunjwa, haina kiraka.

"Fundi, hukuwahi?" dada akauliza.

"Sikushona. Isiguswe na sindano, inaingiza maji. Magoti yakichakaa, nunua kiraka cha kubandika."

"Ahsante kwa kunifahamisha."

"Unaishi na nani nyumbani?"

"Na baba. Tena alikuwa amesema jioni hii ataniongezea vifungo kwenye mifuko, isije ikafunguka njiani."

"Mwambie asiishike."

Dada akacheka kidogo, kwa aibu. "Fundi, unawajua wazee. Nikimwambia hivyo atanuna."

"Atanuna," kaka akasema. "Mwache anune, mwanangu. Huwa tunaacha wenyewe."